Mama Spika, fundi aliyechana spika kwa mikono yake

Saa tatu asubuhi, mlango wa karakana uko wazi nusu na Mama Spika amekwisha kunyamazisha watu wawili. Wa kwanza ni mteja ambaye simu yake inaita. Wa pili ni mwandishi wa makala haya, aliyeingia na salamu ndefu.

"Ngojeni kwanza," anasema bila kuinua uso. "Namsikiliza huyu."

Huyu anayesikilizwa ni spika ya ukumbi wa harusi, pana kama sinia, iliyolala chali juu ya meza. Mama Spika ameweka vidole vyake vyote kuizunguka karatasi nyeusi iliyo katikati, anaisukuma chini taratibu, kisha anaiachia. Chini, juu. Chini, juu. Sikio lake la kushoto karibu liguse karatasi yenyewe. Anatafuta mkwaruzo, ule wa waya kugusa sumaku kule ndani, mdogo kiasi kwamba mtu mwingine angedhani ni pumzi zake mwenyewe.

"Mzima," anatangaza hatimaye, na kuipigapiga ile spika mgongoni kama mtoto aliyemaliza kunyonya. "Haya, karibuni. Mlikuwa mnasemaje?"

Ameifanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini. Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani, chenye dirisha dogo, meza iliyoganda madoa ya gundi, na rafu za spika zilizopanda hadi darini. Zinakuja za nyumba za ibada, za baa, za shule, na za wanasiasa wanaomkumbuka kila uchaguzi ukikaribia. Ukisikia tangazo linapita mtaani na ukaelewa linachosema, huenda spika hiyo imepita kwake.

Kazi yenyewe haina mshahara wa kutegemea. Msimu wa sherehe hapati hata nafasi ya kula, na sherehe zikiisha anaweza kumaliza wiki nzima akipanga skrubu kwa ukubwa. Lakini watoto wanne wamesomeshwa na meza hii, na huwataja wote kwa mpangilio kila anapotokea mtu wa kumwambia kwamba ufundi huu si wa wanawake.

"Nani anajua kitu kikianza kukwaruza ndani ya nyumba kama si mwanamke?" anauliza, akimtupia jicho mumewe.

Mumewe, ambaye mji mzima unamwita Besi, amekaa mlangoni na gazeti. Anafungua ukurasa wa pili. Amepiga gitaa la besi tangu ujana wake, na hajazoea kujibu haraka.

Ni yeye aliyemtia mkewe katika kazi hii, ingawa hakukusudia. Wakati anamwoa alikuwa katika bendi ya roki ya hapa mjini, bendi iliyokuwa ikiua spika hovyohovyo mpaka mafundi wote wakaikimbia. Bibi harusi alipoingia sebuleni kwake mara ya kwanza alikuta spika tatu mbovu mahali pa makochi. Akaazima bisibisi ya cherehani, akafungua moja ili aone kuna nini ndani.

"Nilijiambia, huyu mwanaume simwachi. Basi nijifunze kutengeneza anavyoviharibu," anasema, na Besi anatabasamu nyuma ya gazeti.

Bendi iliitwa Mabati. Jina walipewa na majirani kwa sababu ya banda la bati walilofanyia mazoezi, na halikuwa jina la sifa. Walikuwa watatu tu: Besi; mdogo wake, aliyepiga gitaa na kuimba, anayeitwa Shoti tangu siku kipaza sauti kilipompiga umeme mdomoni na yeye akaendelea kuimba; na mpiga ngoma ambaye baadaye alikwenda kufundisha hisabati, kwa hiyo sasa anaitwa Mwalimu.

Ukiwauliza watu hawa roki ni nini, uwe umeaga nyumbani. Mwalimu anashikilia kwamba roki ni ngoma, na kwamba kama unaweza kuongea na mwenzako wakati inapigwa, huo ni wimbo wa kubembelezea watoto. Besi anasema roki ni besi na mengine ni mapambo. Shoti kwake hakuna mjadala: gitaa la umeme lisiponguruma, hiyo si roki, hata mkivaa miwani myeusi na kuruka mpaka kesho. Siku moja Mwalimu alipendekeza waongeze kinanda, na ndugu wawili hao, mmoja akiunga mkono na mwingine akipinga, hawakusemezana mwezi mzima.

"Mimi nimeshasikiliza ugomvi huo mpaka basi," anasema Mama Spika. "Kwangu roki ni muziki wowote unaonirudishia spika ileile kabla gundi haijakauka."

Wapenzi wa muziki huu duniani wana matukio wanayoyasimulia kama habari za ukoo. Yuko aliyelichoma moto gitaa lake jukwaani. Wako waliovunjavunja vyombo vyao mbele ya watu. Wako waliopanda juu ya paa la ofisi yao wakapiga mchana kweupe mpaka polisi wakawafuata hukohuko juu. Mabati nao wana lao, na linaanza na pikapu.

Walikuwa wakienda kupiga kwenye uwanja wa mpira, alasiri moja ya Jumamosi. Dereva alikata kona kwa mbwembwe, na amplifaya ya Shoti ikaruka ikabingirika barabarani. Walipoiokota, spika yake ilikuwa imechanika kutoka ukingoni hadi karibu na katikati, mchaniko wa ovyo uliopinda mara mbili. Nyingine hawakuwa nayo, na uwanja ulikuwa umeshajaa. Shoti akachomeka gitaa hivyohivyo.

Kilichotoka hakikuwa sauti ya gitaa walilolijua. Ilikuwa sauti yenye mikwaruzo, iliyokoroma na kunguruma kwa pamoja, kama mtu anayelia huku anacheka. Watu walitazamana. Kisha uwanja mzima ukanyanyuka.

Redio ya mjini ilikuwa inarekodi. Tangu siku hiyo, mwanzo wa wimbo ule umekuwa mali ya umma. Mwandishi huyu, aliyezaliwa miaka mingi baadaye, amewahi kuusikia ukiigwa kwa mdomo na kinyozi, na safari nyingine na askari wa barabarani aliyekuwa anaandika faini. Huko ng'ambo wapo wapigaji waliotoboa spika zao kwa penseli au kuzichana kwa wembe makusudi ili wapate sauti ya namna hiyo. Shoti yeye alizawadiwa na kona.

Hakukubali itengenezwe. Mama Spika aliomba mara nyingi, akakataliwa mara zote.

"Ilikuwa inaniaibisha," anasema. "Fundi wa spika ni mimi, na shemeji yangu anapanda jukwaani na kitu kimechanika kama kaptula ya mtoto. Watu wangesemaje?"

Bendi ilisimama pole pole kama bendi nyingi zinavyosimama, kazi zikizidi na watoto wakizaliwa. Amplifaya ya Shoti ikaletwa karakana, ikafunikwa shuka, ikasahaulika. Ndipo mwaka huu mashabiki wao wa zamani wakaja na ombi: Mabati wapige tena, mara moja tu, kwenye uwanja uleule. Wote watatu wakakubali. Shoti alikubali wa kwanza.

Mama Spika alivua shuka ili aitazame. Mende walikuwa wameshafanya kazi yao ukingoni, karatasi imelegea, vumbi limejaa kwenye mchaniko. Moyo ukamuuma. Aliona hii ndiyo nafasi ya kumfanyia shemeji yake jambo la heshima, kwa siri, ili siku ya mazoezi amshtue kwa furaha.

Akaing'oa karatasi ya zamani, akaweka mpya. Alichukua siku nyingi kuliko kawaida, na anakiri kwamba katika maisha yake hajawahi kubandika spika vizuri namna ile.

Halafu, kwa mazoea, akafanya kile ambacho fundi yeyote wa spika angefanya. Karatasi kuukuu ya spika haitupwi. Imekauka sawasawa, ni nyepesi, na hutoa viraka bora kuliko karatasi mpya. Aliikata vipande, na wiki hiyohiyo vipande vikaondoka kimoja kimoja, vimebandikwa kwenye spika za wateja. Sauti maarufu kuliko zote mjini ikatawanyika, kiraka hapa, kiraka pale.

Siku ya mazoezi Shoti alichomeka gitaa, akafumba macho, akapiga ule mwanzo wake. Ukatoka safi, laini, wa adabu.

"Kama taarifa ya habari," anakumbuka Mwalimu, na hata sasa anashindwa kujizuia kucheka.

Shoti hakucheka. Alifungua nyuma ya amplifaya, akaichungulia spika, kisha akamgeukia mke wa kaka yake. "Shemeji," alisema, "umemuua." Akaweka gitaa kwenye mfuko wake na kuondoka. Siku mbili baadaye akatuma ujumbe kwamba hapandi jukwaani.

Hilo la jukwaa lingevumilika. Lililomkosesha Mama Spika raha ni Jumapili. Tangu wazazi wao walipofariki, Shoti hula chakula cha mchana cha Jumapili kwa kaka yake, kisha wawili hao husikiliza mpira redioni na kubishana na mtangazaji. Jumapili ile hakuja. Iliyofuata akaja, akala kimya, akaondoka kabla redio haijawashwa. Ya tatu hakuonekana.

"Mume wangu ana ndugu mmoja tu," anasema, na hapa sauti yake inashuka. "Nikawa naona ni mimi niliyemkatia ndugu yake kwa mkasi."

Akaanza kutafuta njia ya kuirudisha ile sauti. Alinunua karatasi mpya na kuichana kwa wembe: ikatoa mluzi. Akachana nyingine kwa kisu cha jikoni: ikapiga makofi. Tatizo, anasema, lilikuwa mkono wake mwenyewe, uliozoea kunyoosha kila kitu miaka yote. Hata akijaribu kuharibu, anaharibu kwa mstari ulionyooka.

Usingizi ulimkatika kwa mawazo, mpaka akakumbuka kwamba alipokuwa akikata viraka hakujisumbua kukata upande wa mchaniko. Aliutumia kama ulivyo, uwe ukingo wa kiraka. Na kiraka kile, kikubwa kuliko vyote, kilikwenda hatua chache tu: kwenye redio ya fundi cherehani, kule mbele.

"Alikuja akaniambia, jirani, nipe redio yako na usiniulize kitu," anaeleza fundi cherehani. "Nilidhani amechanganyikiwa. Redio inaimba, haina ugonjwa wowote, yeye anaikumbatia anaondoka nayo." Aliipata tena jioni hiyo, na spika mpya kabisa ndani yake, na mpaka leo anaulizia kama hakuna kingine ambacho Mama Spika angependa kukichukua dukani.

Mama Spika alikibandua kiraka kwa mvuke wa birika. Upande mmoja ulikuwa bado na ile njia ya ovyo, imepinda mara mbili. Akaulaza juu ya karatasi mpya, akaufuata kwa ncha ya penseli. Safari hii hakugusa wembe. Aliilowanisha ile alama kwa kidole chenye maji kidogo, akasubiri karatasi ilainike, kisha akaichana kwa mikono, akivuta pole pole ili kingo zibaki na manyoya.

"Nililia," anasema bila kuona haya. "Miaka yote hii natengeneza, na siku hiyo nachana. Lakini ilichanika vizuri!"

Besi akaenda kumleta mdogo wake. Mwalimu aliitwa awe shahidi. Shoti, aliyekuja kwa kuburutwa, akapiga nota tatu za kwanza. Mwalimu akaangusha kijiti cha ngoma. Besi akasimama. Fundi cherehani akachungulia mlangoni na mkasi mkononi. Ilikuwa ndiyo ileile, ya uwanjani, na Mama Spika alikuwa ameshaanza kujifuta macho.

"Bado," akasema Shoti.

Wakadhani anatania. Akapiga tena, ikanguruma tena. "Bado. Haikwaruzi."

Besi akapandisha hasira na kuanza kumfokea. Mama Spika alikuwa anamtazama Shoti anavyomtazama kaka yake: hakumwangalia machoni, alimwangalia mdomo. Akapita nyuma yake taratibu, akasimama karibu na bega lake, akasema kwa sauti ya kawaida ya mezani: "Shemeji, nikuletee chai?"

Shoti hakugeuka. Mama Spika akarudia, karibu zaidi. Shoti aliendelea kuutazama mdomo wa kaka yake. Besi, aliyekuwa akiona yote hayo, akaacha kufoka katikati ya neno.

Ndipo Shoti akaeleza. Daktari alishamwambia kwamba masikio yanakwenda. Zinazotangulia kuondoka ni sauti nyembamba, zile za ndege, za birika, za mkwaruzo wa spika iliyochanika. Za wanawake na watoto zinafuata. Ndiyo maana alikubali haraka kupiga tena. Alitaka apige angali na kitu cha kusikia. Na ndiyo maana aliacha kukaa redioni. Hakuwa amemnunia mtu. Mtangazaji alikuwa amekwisha kugeuka mvumo tu.

Mwandishi huyu alimuuliza, kwa maandishi kwenye simu, kwa nini basi alimlaumu shemeji yake siku ile ya kwanza. Alisoma, akairudisha simu.

"Kwa sababu nilifurahi," alijibu. "Nilikuja na hofu kwamba nitapiga na sitaisikia. Nilipoona karatasi ni mpya, nikasema ahaa, kumbe si mimi, ni spika. Nilifurahi kumkasirikia, maskini. Nilimkasirikia wiki tatu nzima, na zilikuwa wiki nzuri."

Mama Spika alilisikia jibu hilo akiwa amesimama karibu. Alimpiga kofi jepesi begani, akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Anachokifanya tangu hapo kinaonekana saa nane mchana, kwenye stoo wanakofanyia mazoezi. Katikati ya chumba kuna sanduku la mbao nene, limeinuka hadi magotini, lina mto mwembamba juu. Ndani yake Mama Spika amefunga spika kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, ikitazama juu, na waya wake unatoka kwenye amplifaya ya Shoti. Hiyo yenye mchaniko inapigia watu. Hii ya ndani ya sanduku inampigia Shoti, kupitia makalio na uti wa mgongo.

Shoti anakaa. Mwanzoni anaona aibu, anakaa upande kama mgeni. Mama Spika anamsukuma mabega mpaka akae sawasawa, kisha anampa Mwalimu ishara.

Wanaanza. Nota ya kwanza inapotoka, Shoti anaruka kidogo, anashika ukingo wa sanduku, anacheka kwa sauti. Ya pili inamkuta ameshafumba macho. Vumbi linadondoka kutoka darini. Mpaka wimbo unakwisha hajafungua macho, na ukisha kwisha anabaki ameketi palepale, kiganja kimelalia mbao, akisubiri mtetemo wa mwisho utulie.

Kisha anamtafuta shemeji yake. "Huko nje inakwaruza?" anauliza.

Mama Spika anakwenda kusimama mbele yake, ili amuone mdomo. "Inakwaruza."

"Mbaya?"

"Mbaya kabisa, shemeji. Sijawahi kusikia spika mbovu kama hii."

Shoti anatikisa kichwa kwa kuridhika. Jumamosi hii watapanda jukwaani, watatu na sanduku lao. Mwalimu na Besi wameshaanza kubishana kama kupiga roki umekaa kunahesabika kuwa roki, na Shoti, aliyewasoma midomo yote miwili, amewaambia waende zao.

Lakini Mama Spika, akikunja nyaya, hazungumzii Jumamosi. Anapima kwa macho jinsi sanduku lilivyotengenezwa, na kunong'ona vipimo. Anasema akishamaliza na hawa na uwanja wao, kuna kazi nyingine ya kiti, ndogo zaidi, ya sebuleni kwake. Sauti ya mtangazaji wa mpira yeye hawezi kumrudishia shemeji yake, na amekwisha kukubali hivyo. Kelele za uwanja anaweza. Goli likifungwa, kiti kitikisike.

"Besi atamwambia nani kafunga. Atamwandikia, atamwonyesha kwa vidole, watajua wenyewe," anasema. "Mimi ninachotaka ni kwamba wapige kelele kwa wakati mmoja. Jumapili ijayo nimemwambia aje mapema, nimpime mgongo."